Ngazi za nyumba ya Hamdani

Bibi yangu alikuwa akipanda ngazi kwa vidole. Hadithi ikifika pale ambapo kizee anatumwa juu kwa bwana, aliweka vidole viwili juu ya goti lake na kuvitembeza taratibu kuelekea kiunoni: akapanda, akapanda, akapanda. Watoto kimya. Kisha vidole vinageuka: akashuka, akashuka, akashuka. Mkononi kizee hana kitu, au ana kitu ambacho bora asingekuwa nacho.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Desemba 2009 na kisiwa kizima cha Unguja kilikuwa gizani. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mwezi ule mambo yaliharibika upande wa Fumba. Hadi Machi 2010 hatukuwa na taa wala feni, na kwa kuwa pampu nazo zinakula umeme, mifereji ilikauka pia. Wakubwa wanaikumbuka miezi ile kwa hasara: samaki waliooza, majenereta yaliyonguruma usiku kucha madukani, foleni za ndoo visimani. Mimi naikumbuka kwa hadithi. Televisheni ilinyamaza, na bibi, ambaye kwa miaka kadhaa hakuwa na msikilizaji isipokuwa paka wake, akapata watoto wanane juu ya mkeka mmoja.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Skuli tulikuwa tumefundishwa kuitikia kwa namna nyingine: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Bibi aliipenda hiyo pia, akisema ina adabu kwa sababu inamtangaza mgeni kabla hajaingia. Uongo unaitwa kwa jina lake, unakaribishwa, unapewa mahali pa kukaa. Baada ya hapo hakuna mtu wa kulalamika kwamba paa wa porini hawezi kusema.

Hadithi yenyewe wengi mnaijua, ingawa kila nyumba ina yake. Palikuwa na maskini mmoja jina lake Hamdani. Hana kazi, hana mke, hana ndugu. Kila asubuhi huenda jaani akachakura kama kuku, akaokota punje za mtama zilizomwagwa na wenye navyo, akatafuna, siku ikapita. Siku moja katika kuchakura akaona thumni. (Hapa bibi alisimama kutueleza. Sisi tulidhani thumni ni senti hamsini, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyoiita ile sarafu iliyokuwa hainunui kitu tena. La, alisema, thumni ya zamani ilikuwa sehemu ya nane ya riale ya fedha. Si pesa za kujengea nyumba, lakini kwa mtu wa jaani ni pesa.)

Akapita muhadimu mmoja, mwenyeji wa shamba, kabeba tundu la paa. Watu wa mtaani wakamwambia usijisumbue na huyo, huyo kutwa yuko jaani. Hamdani akatoa thumni yake, akanunua paa mmoja mdogo. Mtaa mzima ukamcheka: mtu chakula chake mwenyewe hana, kaenda kununua kinywa kingine.

Usiku paa akasema. Jina lake Kijipaa. Akaomba ruhusa: bwana wangu, huna cha kunipa, niache niende porini nikajitafutie, jioni nitarudi. Na kweli akarudi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tano, akifukua chini ya mti, akaona almasi. Akawaza: nikimpelekea bwana wangu watasema kaiba. Basi akaichukua nchi ya mbali, kwa sultani mwenye binti, akainamisha kichwa na kusema, nimetumwa na bwana wangu Sultani Darai, anakusalimu, anaomba udugu, na hiki ni kidogo tu cha kukupungia mkono.

Sultani Darai ni nani? Hayuko. Kijipaa kamtunga pale pale.

Akarudi kumchukua Hamdani. Njiani, walipokaribia mji, akamwambia: nitakalokufanyia nifanyie subira, na ukiulizwa usiseme neno. Akampiga kwa fimbo mpaka akavimba, akamsukuma mtoni, akakimbia kwa sultani akilia kwamba bwana wake kavamiwa na wezi na kuvuliwa kila kitu. Zikaja nguo, akaja farasi, zikaja ngoma. Hamdani akaoa. Kisha Kijipaa akaenda kutafuta nyumba ya kumstahili mtu aliyemtunga. Akapata mji mzima wa nyoka mwenye vichwa saba, na ndani yake kizee mmoja peke yake. Akamngoja nyoka mlangoni, akavikata vichwa kimoja kimoja, akawaleta bwana na bibi harusi wakakae juu, ghorofani. Yeye akalala chini, barazani.

Siku moja Kijipaa akasema: hebu nimjaribu bwana wangu. Akajilaza. Akamwambia kizee, nenda juu kamwambie bwana kwamba mimi sijiwezi.

Hapa ndipo vidole vya bibi vilipoanza kazi. Akapanda. Bwana, Kijipaa anaumwa. Hamdani akasema, mpikie uji wa mtama mwekundu. Mkewe akashtuka: bwana, uji ule hata farasi akipewa hali! Hamdani akasema, basi afanyiwe nini zaidi, si mnyama wa thumni? Akashuka. Kijipaa akautazama uji. Akasema, rudi kamwambie bwana siwezi kula, naomba aje anione. Akapanda. Hamdani akasema, mwambie nina shughuli. Akashuka. Akapanda. Akashuka. Bibi alikuwa habanduki hapo. Alizirefusha ngazi zile kila usiku, mpaka mimi nikawa nazihesabu, mpaka mmoja wetu akapiga kelele: si ashuke tu! Mke akateremka mwenyewe na wali na maziwa. Alichelewa. Paa akafa, na Hamdani akaamuru atupwe kisimani. Mke akamwandikia baba yake. Sultani akaja na watu wake, akamtoa, akamzika, mji mzima ukalia.

Usiku ule mke akaota yuko kwao. Akazinduka, yuko kwao. Hamdani naye akaota anachakura jaani. Akazinduka, yuko jaani, mkono umo ndani ya vumbi. Watoto wanapita wanamwuliza: ulikuwa wapi siku zote? Sisi tulidhani umekufa.

Bibi akanyamaza. Hakusema "na nyinyi msiwe kama Hamdani". Alisema, "Haya, nani anataka kwenda kukojoa kabla sijazima kibatari?"

Miaka kumi baadaye nilikutana na Hamdani maktabani, Dar es Salaam, nikiwa chuo kikuu. Nilikuwa natafuta kitu kingine. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, na ambaye baadaye kama askofu alijenga lile kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, alikusanya hadithi za watu wa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Ukurasa mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza. Sultani Darai yumo. Nilisoma nimesimama, na kinachochekesha ni kwamba nilikasirika. Karatasi ilikuwa inakimbia. Kizee anapanda na kushuka kwa mistari michache tu, na mimi nilikuwa nimezoea apande polepole.

Nilianza kufuatilia, na nikagundua kwamba Kijipaa ana jamaa zake Ulaya, nao ni paka. Charles Perrault, Mfaransa, alichapisha mwaka 1697 kisa cha kijana wa msaga nafaka aliyerithi paka tu. Paka yule anapeleka zawadi kwa mfalme kwa jina la bwana asiyekuwepo, anamwingiza bwana wake mtoni na kupiga kelele kwamba nguo zimeibiwa, anamhadaa zimwi ajigeuze panya, anamla, na kumpa bwana wake kasri la zimwi. Fremu ni ile ile, kwa mto wake na nguo zake. Lakini tazama mwisho. Kwa Perrault paka anakuwa mheshimiwa mkubwa, na panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Kila mtu kashiba. Kisha mwandishi anabandika mafunzo mawili chini, la kwanza likisema kwamba ujuzi na bidii vina faida kuliko urithi.

Kabla yake, Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilitoka kati ya 1634 na 1636 mwenyewe akiwa ameshakufa, alikuwa na paka mwingine. Huyo aliahidiwa na bwana wake kwamba akifa atahifadhiwa katika kasha la dhahabu. Paka si mjinga. Akajifanya kafa. Bwana akasema mshikeni mguu mtupeni dirishani. Paka akanyanyuka, akamtolea maneno ambayo sitayarudia hapa, akaenda zake.

Ufaransa paka anapewa cheo, Napoli anaondoka na hasira zake. Kwetu paa anakufa kwelikweli, na nyumba yote, na mke, na farasi, vinakwenda naye, kwa sababu vilisimama juu ya mgongo wake. Sisemi haya kwa kujisifu kwamba waliotusimulia sisi ni mabingwa kuliko wenzao. Basile ananichekesha sana. Lakini Perrault kaniacha nilivyokuwa. Yule kijana wake hakuulizwa kitu hata mara moja, kwa hiyo nami sikuulizwa kitu. Hadithi ya bibi inafika mahali pa raha, pale ambapo nyingine zote zinafunga mlango, halafu inaendelea. Inauliza: sasa umeshapata, yule anayejua ulitoka wapi utamweka wapi?

Niliandika hayo katika insha ya darasani na nikapata alama nzuri. Nilidhani nimeielewa.

Sasa nije kwa mjomba wangu.

Baba alifariki nikiwa na miaka sita. Mama alishona kofia za viua, kazi nzuri kwa macho ya mtazamaji na mbaya kwa macho ya mshonaji. Aliyetubeba ni kaka yake mama, hamali wa bandarini Malindi. Alikuwa na rikwama lake la magurudumu mawili, na asubuhi boti za kutoka bara zikifunga gati yeye alikuwa wa kwanza kushika mizigo. Sare zangu, madaftari, michango ya skuli, viatu vya kwanza vya ngozi, vyote vilitoka katika rikwama lile. Nilipopata nafasi chuo, mwaka wa kwanza sikupata mkopo, na sijui hadi leo alibeba magunia mangapi. Jioni moja tulikaa chini ya taa tukijaza fomu. Palikuwa na mstari: kazi ya mzazi au mlezi. Nikaandika "ha". Mjomba akanishika mkono.

"Andika mfanyabiashara."

"Mjomba, lakini..."

"Andika. Usiende kwa watu na rikwama langu kichwani."

Nikaandika mfanyabiashara. Na kwa kuwa kitu kikishaandikwa kinataka kuishi, nilipofika chuo nilikuwa na mjomba mfanyabiashara, na nilipopata kazi, katika ofisi moja pale mjini Dar, ghorofa ya nne, nilikuwa na mjomba mwenye shughuli za usafirishaji wa mizigo bandarini. Sikudanganya hata neno. Hilo ndilo baya lake.

Siku moja mwaka 2024 alikuja. Hakunipigia, alitaka kunishtua. Alipanda boti ya asubuhi na kikapu cha maembe boribo na mkate wa ufuta wa mama, akaulizia njia, akafika. Mapokezi wakanipigia: kuna mzee hapa anasema ni mjomba wako. Nilitoka. Alikuwa kavaa kanzu iliyopigwa pasi ikakaza, na kofia aliyoshonewa na dada yake. Mguuni kandambili. Miguu ya hamali haifichiki: visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nyuma yangu alikuwa mwenzangu wa ofisini, mtu mzuri tu, hana ubaya wowote, anangoja nimtambulishe.

Nilimwamkia, nikapokea kikapu, nikamwambia niko kwenye kikao, nikampeleka kwenye lifti na mkono wangu mgongoni kwake, kama mtu anayeongoza mgonjwa. Nikampa elfu kumi ya nauli. Nikamwambia nitampigia. Na lifti ilikuwa haijafunga mlango mwenzangu aliponiuliza huyo nani, nami nikasema: "Mzee wa mizigo. Kaniletea vitu kutoka nyumbani."

Maembe yalikuwa matamu. Ofisi nzima ilikula.

Mwaka uliofuata, katika Ramadhani, mjomba akaumia mgongo. Gunia lilimteleza. Dada yangu ndiye aliyekuwa anakwenda kumwangalia Jang'ombe kila jioni, kisha ananitumia sauti kwenye simu. Kaka, mjomba halali. Nikatuma elfu hamsini. Kaka, mjomba anasema ahsante, lakini anakuulizia wewe. Nikatuma elfu thelathini, nikasema wiki hii kuna ripoti ya kufunga robo mwaka. Kaka, leo kauliza tena. Nikasema Idi inakaribia, nitakuja Idi.

Nilikwenda Idi. Usiku wa kuamkia sikukuu nilikuwa nyumbani kwa mama, na mpwa wangu wa miaka saba, simu ya mama yake imekwisha chaji, akaning'ang'ania nimsimulie hadithi. Bibi alikuwa ameshatutoka miaka saba nyuma. Nikamwambia Paukwa, akasema Pakawa. Nikaanza na jaa. Nilikuwa naifanya vizuri, nasema kweli. Almasi ilimfumbua macho, nyoka alimfanya ajifunike shuka. Nikafika ngazini. Nikaweka vidole gotini.

Mtoto akanitazama vidole vile vikipanda na kushuka mara tatu, nne. Akasema: "Kwani ngazi zenyewe ni nyingi?"

"Si nyingi. Ni nyumba ya ghorofa moja."

"Sasa kwa nini hateremki?"

"Ana shughuli."

"Shughuli gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Katika hadithi hakuna shughuli. Bibi hakuitaja, Steere hakuiandika. Hamdani hana kazi, ana watumishi, ana siku nzima. Mikono yake mitupu juu ya mapaja. Boti kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili. Nilikuwa nimeishi karibu mwezi mzima juu ya ngazi zile, namtuma dada yangu na uji.

Nikamwambia mtoto amalize kesho. Akaenda kushtaki kwa mama yake kwamba mjomba hajui mwisho.

Kuna jambo moja nataka kulisema hapa kwa sababu watu hupenda kulileta. Mwaka 2013 wanasaikolojia wawili wa New York, David Kidd na Emanuele Castano, walichapisha katika jarida la Science utafiti uliotangazwa kila mahali. Waliwapa watu vipande vifupi vya hadithi za kifasihi, kisha wakawaonyesha picha za macho tu na kuwauliza mwenye macho hayo anahisi nini. Waliosoma fasihi walipata zaidi. Walimu wa fasihi wakafurahi, sisi sote tukafurahi. Mwaka 2016 watafiti wengine wakarudia jaribio kwa watu wengi zaidi, matokeo yale yasionekane. Baadhi ya marafiki zangu waliona ni pigo. Mimi sikushangaa. Hadithi si panadoli, umeze sasa nusu saa baadaye upimwe. Hii moja ilinikalia miaka kumi na tano bila kunigusa. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa Kijipaa, kama watoto wote wanavyokuwa. Nikiwa na ishirini nilikuwa mchambuzi, yaani sikuwa mtu yeyote. Ilibidi kwanza nipate ghorofa.

Methali tunazo, na zinasema haya haya kwa pumzi moja. Fadhila ya punda ni mateke. Naijua tangu utotoni, na sijawahi hata siku moja kuisikia nikadhani punda ni mimi. Punda siku zote ni mwingine, jirani, shemeji, kiongozi fulani. Lakini Hamdani anaanza njaani. Unamhurumia kabla hujamjua. Umekaa naye jaani, umefurahi naye kwa thumni, umepigwa naye fimbo ukavumilia. Anapokuwa mwovu umeshakuwa ndani yake, na mlango umefungwa kwa nje. Nadhani ndiyo maana bibi hakumtukana hata mara moja. Angemtukana angetupa njia ya kutokea.

Na lile jibu la "mnyama wa thumni" ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Zamani nililisikia kama ubahili. Siku hizi nalisikia kama hofu. Mji mzima ule unamjua Sultani Darai. Mke anamjua Sultani Darai. Chini barazani kuna mmoja tu anayemjua Hamdani, na huyo mmoja anaomba uje, ukae karibu yake, umtazame usoni. Hamdani hakuogopa ngazi.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, nilikwenda Jang'ombe kwa miguu. Nyumba ya mjomba ni chumba na ukumbi, hakuna hata kizingiti cha kusema umepanda. Alikuwa kalala kwa ubavu juu ya kitanda cha kamba, kanzu ile ile, kapigiwa pasi na jirani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

Hakuniuliza nilikuwa wapi. Mimi nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa swali hilo, na lilipokosekana nikabaki na majibu yangu mkononi kama mtu aliyenunua tiketi ya basi lisilokuja. Tukazungumza habari za boti, bei ya ng'ombe, nani kafa. Mwishowe, kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikamsimulia habari za mpwa wangu na ngazi. Alicheka mpaka akashika mgongo.

"Mama alikuwa akizirefusha ngazi zile makusudi," akasema. "Sisi alituwekea kumi na mbili."

Nilikuwa nimesahau kwamba na yeye alikua juu ya mkeka ule.

"Mimi ni Hamdani, mjomba," nikasema. Nilisema nikitazama sakafu.

"Na mimi paa?" Akajipapasa tumbo. "Paa gani ana kitambi?"

Akanyamaza kidogo, akijigeuza polepole. Kisha akasema: "Nyinyi kila siku mnamlaumu Hamdani. Na paa je?"

"Paa kafanya nini?"

"Nani aliyempiga fimbo? Nani aliyemtupa mtoni akamwambia nyamaza, usiseme neno? Hamdani hakusema hata siku moja kwamba yeye ni sultani. Aliambiwa tu afunge mdomo. Sasa mtu umemfundisha kufunga mdomo, umemwoza kwa mdomo uliofungwa, umempa nyumba. Halafu siku unaumwa unataka ashuke mbele za watu aseme huyu ndiye aliyenitoa jaani." Akatikisa kichwa. "Paa naye alikosa. Mimi nilimwambia mama tangu mdogo, akanifukuza mkekani."

Sikuwahi kuisikia hadithi hivyo. Kwa Steere haipo, kwenye insha yangu haipo.

"Ile fomu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikwambia uandike nini?"

"Mfanyabiashara."

"Basi."

Nilihisi kitu kinashuka kifuani, uzito niliokuwa nimeubeba tangu usiku. Kumbe tulikuwa wawili. Na mtu akishatuliwa mzigo hujisahau haraka, nikacheka, nikaongeza langu ili hadithi iendelee kunipendelea:

"Halafu, mjomba, paa ana miguu minne. Si angepanda mwenyewe?"

Mjomba hakucheka.

"Mimi nilipanda," akasema. "Ghorofa ya nne."

Kisha akaniambia nikatazame birika jikoni, chai ilikuwa inafurika.